Mizani ya Nesi Milembe

Watu wa huku Bariadi wakimtaja nesi Milembe husema ni mtakatifu. Mtakatifu gani? Nimekaa naye jirani, ua kwa ua, zaidi ya miaka thelathini, na mimi Nyanjige nawaambia bila kumung'unya maneno: yule ni mwongo, mjanja, na ana kiburi cha kutosha kijiji kizima. Na bila huo uongo wake leo ningekuwa mjane.

Mwaka tisini na tano serikali ilipunguza wafanyakazi. Milembe alikuwa muuguzi msaidizi hospitalini, miaka kumi na tisa ya kuosha vidonda vya watu, akapewa barua na kiinua mgongo chake, kwaheri. Wenzake waliopunguzwa naye walinunua bati, wengine ng'ombe. Yeye akapanda basi kwenda Mwanza na kurudi na kijisanduku cheusi. Ndani mlikuwa na mkanda wa kitambaa wa kufunga mkononi, kipira cha kubana kwa kiganja, mipira ya kutia masikioni, na saa ya duara yenye mshale na namba pembeni. Ilikuwa mashine ya kupimia presha. Mume wangu, Mabula, alicheka wiki nzima.

"Wenzake wamenunua ng'ombe," alisema, "yeye kanunua puto!"

Akaanza kupima watu bure. Jumamosi barazani kwake, siku nyingine anapanda baiskeli na kijisanduku chake, anakwenda vitongojini, hadi Sola huko Maswa aliwahi kufika, akarudi na miguu imevimba. Msidhani alishangiliwa. Siku zile hata hospitalini tulikuwa tumeanza kuchangia, sabuni ilipanda, kila kitu kina bei, halafu anatokea mtu anasema bure! Wanaume walishtuka. Mwaka uliotangulia walikuja wanunuzi binafsi wa pamba, wakatugawia kofia za bure, tukazivaa tukifurahi, kumbe mizani yao inakula kilo tano kila gunia. Tangu hapo neno bure lilinuka. Kwa hiyo walikuja wanawake tu. Mwanaume hata mmoja hakukanyaga baraza ile.

Nilijua kwa nini Milembe alinunua puto badala ya ng'ombe. Kijiji kizima kilijua, ila hakuna aliyesema.

Baba mkwe wangu, mzee Nyanda, alikuwa manju, yaani kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mito miwili. Asubuhi moja mwaka themanini na nane alianguka shambani kwenye pamba, jembe mkononi, mdomo umekwenda upande. Jua halijazama akawa amekufa. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Watu wakasema kifo hicho si bure, kuna mkono wa mtu. Mkono wa nani? Wakamtaja Minza, mama yake Milembe, kwa sababu alikuwa mzee, mjane, na macho yake mekundu. Jamani! Macho ya nani hayawi mekundu ukipika kwa vinyesi vya ng'ombe miaka hamsini? Mnajua kilichokuwa kinawapata vikongwe wa namna hiyo huku kwetu. Milembe alikuja na gari la kuazima, akampakia mama yake na sufuria mbili, akampeleka kwa mjomba wake huko Nassa, kule ziwani. Minza hakurudi.

Vijana waliosimama na mapanga langoni kwa Minza walikuwa saba. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali, nilisikia kila kitu, na sikufungua mdomo. Mimi, ambaye nagombana hata na kuku! Hiyo aibu ninayo mpaka leo.

Sasa mwaka tisini na sita Mabula naye alikuwa anaingia arobaini na moja. Alikuwa amerithi umanju wa baba yake, na sauti, na tumbo. Na akaanza kulalamika kisogo. Kichwa kinagonga, anasema, kama mtu anatwanga. Mara mbili alitoka damu puani akiwa amekaa tu. Nikaruka ua kwenda kwa Milembe.

"Mlete," alisema.

"Haji. Nimeshamwambia, kasema mkanda wako unanyonya damu."

Milembe alikuwa anachambua mchele. Akaacha.

"Nyanjige, nisikilize. Mumeo akianguka kama baba yake, hawatasema presha. Watasema Minza. Watamfuata hata huko Nassa, na safari hii hakuna gari la kuazima. Mlete."

Nilirudi nyumbani nikamlilia Mabula, nikamnunia, nikamnyima mlenda. Wapi! Akasema manju hapimwi na mwanamke barazani kama mtoto wa kliniki.

Ikafika Julai, pamba imevunwa, watu wana hela na miguu inawasha. Ndio wakati wa ngoma. Kwa asiyejua: huku kwetu kuna vyama viwili, Bagika na Bagalu, na siku ya mashindano wanacheza uwanja mmoja, saa zilezile, huyu huku na yule kule. Hakuna mwamuzi. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Watu wanahama kama kumbikumbi, wakiona huku kumenoga wanakuja, wakiona kule wanakimbilia kule, na manju aliyebaki na watoto na mbwa amefedheheka mwaka mzima. Mabula alikuwa manju wa Bagalu. Wa Bagika alikuwa Shigela, mrefu, mwembamba, mdomo kama wembe. Walichukiana kwa raha kabisa.

Mwaka ule mnunuzi mmoja wa pamba, Januarius, kijana wa suruali pana na lori jekundu, alitoa zawadi ya beberu mkubwa mweusi. Alitaka wakulima wampende kuliko wanunuzi wenzake. Tulimpenda beberu.

Asubuhi ya mashindano Milembe akaja kunigongea, akaniamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka mhola. Mbona na meza?"

"Beba upande huo. Tunakwenda uwanjani."

Akaiweka meza katikati kabisa ya uwanja wa shule, kati ya Bagika na Bagalu. Mimi nikapewa daftari la kuandika majina na namba. Nilimwambia ana wazimu. Akasema ndiyo.

Mwanzoni walikuja wanawake walewale wa Jumamosi. Lakini uwanjani si barazani. Ile saa yake ilikuwa inaonekana na kila mtu, mshale unapanda, unatetemeka, unashuka. Waliosimama karibu wakaanza kuhesabu kwa sauti. "Mia moja! Mia na ishirini! Anapanda, anapanda!" Mshale ukisimama wanapiga vigelegele. Wa nyuma wakataka kuona nini kinachochekesha. Baada ya saa moja meza yetu ilikuwa imezingirwa, vumbi tupu, na huko pembeni ngoma zinalia kwa watoto na mbwa. Shigela akapanda kwenye magongo marefu, akatembea juu juu kama korongo. Hakuna aliyegeuka. Mabula akapiga ngoma mpaka ngozi ikalegea. Hakuna aliyegeuka! Nilisikia mtu anasema nesi kachanjwa dawa ya mvuto.

Hapo ndipo Januarius alipotuharibia, au alituokoa, hata sasa sijui niseme nini. Aliona beberu hana mwenyewe. Akapanda juu ya lori lake na kupaza sauti:

"Wananchi! Watu wote wako kwa nesi, basi mashindano yako kwa nesi! Beberu ni wa mwenye namba kubwa!"

Msicheke. Sisi ni watu wa pamba. Tangu nizaliwe sijaona mizani ambayo mtu anaomba namba iwe ndogo. Ukipanda kwenye mizani na gunia lako unaomba Mungu mshale uende kulia, uende, uende. Saa ya Milembe ilikuwa na uso uleule wa mizani ya kuning'iniza, ila ndogo. Nani angewaza vinginevyo?

Wanaume wakaja. Waliokuwa hawakanyagi baraza wakaja wakisukumana kama ng'ombe kwenye josho. Mmoja alikimbia kuzunguka goli mara sita kwanza, akaja anahema, akapata mia na sabini, akashangiliwa. Jirani yetu Salu alikaa kitini, Milembe akasikia kitu kinagonga, kumbe Salu ametia mawe mawili mfukoni. Mazoea ya magunia! Milembe akamwambia atoe mawe. Akatoa moja.

Mimi nilikuwa nacheka mpaka kalamu inaanguka. Milembe hakucheka. Miaka kumi na tisa hospitalini hakuwahi kumdanganya mgonjwa, na uso wake ulikuwa umeanza kukunjamana. Akasimama, akainua mkono kunyamazisha watu. Nilijua anachotaka kusema: ndugu zangu, mmekosea, namba kubwa ni ugonjwa.

Na palepale nikamwona Mabula. Ametupa ngoma chini, manyoya ya mbuni bado kichwani, anapasua watu kwa viwiko kuja mezani, kifua mbele. Anakuja kurudisha watu wake.

Nikamkanyaga Milembe mguu chini ya meza. Nilimkanyaga kweli, na kisigino. Akanitazama. Akamtazama Mabula. Mkono wake ukashuka polepole, akajifanya anatafuta leso, akakaa.

"Anayefuata," alisema.

"Mimi," Mabula akasema. "Funga hilo puto lako, nesi. Uone damu ya manju ilivyo."

Akafunga. Akabana kipira. Watu wakahesabu. Mia na themanini. Mia mbili! Mia mbili na ishirini! Niliacha kucheka. Milembe alisikiliza kwa masikio yake, akatoa pumzi, akarudia tena, akaninong'oneza niandike. Mia mbili thelathini kwa mia na arobaini. Hata leo ukilitazama daftari lile utaona ile tatu ni kama nyoka.

Uwanja ukalipuka. Bagalu wakambeba mume wangu mabegani, beberu anafuata kwa kamba, na Mabula anaimba wimbo wa kujisifu alioutunga palepale. Mimi nilikuwa namwona baba yake kwenye pamba. Nililia, watu wakadhani ni furaha.

Shigela naye akapimwa haraka haraka. Mia mbili na kumi. Akavua mkanda kwa hasira.

"Mizani hii imechezewa! Nyanjige ndiye anaandika, na huyo ni mumewe! Sikubali!"

"Wezi nyie!" wakadakia Bagika. "Kama wanunuzi!"

Ngumi zilikuwa karibu. Mabula anataka kushuka acheze, aoneshe ubingwa wake, na jua lilikuwa la kukaanga karanga. Angecheza, angeanguka, yaishe. Basi Milembe, mtakatifu wenu, akapanda juu ya kiti na kusema uongo mtupu, uso mkavu kama mtu anasoma Injili.

"Shigela ana haki! Pamba ikibishaniwa inafanyaje?"

"Inarudiwa mizani ya serikali!" watu wakajibu.

"Basi mizani ya serikali ipo hospitalini Bariadi. Wote wawili watarudiwa leo, mbele ya mashahidi wa pande zote. Atakayecheza ngoma, atakayekimbia, hata atakayepiga kelele kabla ya kurudiwa, amejitoa, na beberu ni wa mwenzake!"

Januarius akafurahi, akawasha lori. Lilikuwa na pamba nusu. Milembe akawalaza wale manju wawili chali juu ya pamba, huyu na huyu, na mashahidi pembeni.

"Lala bila kutikisika," aliwaambia. "Mkikaa wima namba inamwagika."

Wakalala. Safari nzima hawakutikisika wala kusema, wanatazama mawingu, kila mmoja anachunga namba yake isimwagike. Beberu alisimama kati yao anakula pamba ya Januarius. Sijawahi kuona wanaume watulivu namna ile.

Hospitalini zamu ilikuwa ya daktari mmoja kijana, Method, aliyefundishwa kufunga bandeji na Milembe huyohuyo. Milembe akamvuta pembeni, wakanong'onezana, nikaona daktari anang'ata midomo asicheke. Kisha akapima na hakutaka tena kucheka. Akawalaza kitanda kwa kitanda, dawa, maji, msisimame, laleni.

"Nani kashinda?" Mabula akauliza.

"Wewe," daktari akasema. "Mia mbili thelathini na tano."

"Umeona!" Mabula akamgeukia Shigela. "Umeona, kijiti wewe?"

"Mzee wangu," daktari akasema, akavuta kigoda akakaa. "Hiyo namba ni nguvu ambayo damu inagonga mishipa ya kichwani kwako. Ikizidi mshipa unapasuka. Mtu anaanguka, mdomo unakwenda upande, anakufa siku hiyohiyo. Wewe uko karibu zaidi kuliko mtu yeyote niliyempima mwaka huu. Mwenzako yuko nyuma yako kidogo."

Nje mbuzi analia. Shigela alifikiri kidogo, akajikohoza.

"Basi beberu ni wako, Mabula," alisema. "Mimi nimejitoa."

Mashahidi wakaangua kicheko, hata daktari. Mabula hakucheka. Alikuwa anatazama dari. Nilidhani amekasirika kwa kudanganywa, nikajiandaa kugombana, maana nilikuwa na maneno tele. Lakini aliongea taratibu, na hakuongea na mimi.

"Nesi. Mdomo unakwenda upande, kasema?"

"Ndiyo," Milembe akajibu.

"Mtu ameshika jembe, hajaumwa, halafu anaanguka?"

"Ndiyo, Mabula."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua tangu siku ile. Nilikuja kuwaambia langoni. Mlikuwa na mapanga, hamkunisikia."

Mume wangu akajifunika shuka usoni. Mwanaume mzima, manyoya ya mbuni yametokeza juu ya shuka, na shuka linatikisika. Shigela akageukia ukutani ili asione. Nilimshukuru kwa hilo, na kwake Shigela sina kawaida ya kushukuru.

Walikaa wodini siku sita. Mabula alirudi amekonda mashavu, na vidonge kwenye karatasi, na amri ya kuacha chumvi. Beberu alikuwa amefungwa uani kwetu, ameshakula kanga zangu mbili. Nikasema tumchinje mara moja. Mabula akasema huyo si wetu. Akaoga, akavaa shati la kanisani, akamfungua beberu, akaenda barabarani kudandia lori la Januarius lililokuwa linakwenda ziwani. Hakuniambia anakwenda wapi na mimi sikuuliza. Ni mara moja tu katika ndoa hii sikuuliza kitu.

Kesho yake jioni lori likasimama mbele ya ua wa Milembe. Mabula akashuka kwanza, akamshusha beberu, halafu akageuka, akampokea kikongwe mikononi kama anavyopokelewa mgonjwa. Sufuria mbili zikafuata. Milembe alikuwa anapima watu barazani. Aliacha mkanda umefungwa kwenye mkono wa mtu, akatoka mbio bila viatu.

Kijiji kikajaa pale. Wale vijana saba wa mapanga walikuwepo watano, wanatazama vidole vya miguu yao. Mimi ndiye niliyekwenda mbele. Nilitaka kusema samahani, nikapiga magoti kwenye vumbi nikamwamkia tu kama mama yangu, "Mwadila, mayu."

"Mwadila, Nyanjige," akasema. "Umenenepa."

Akakaa kwenye kiti cha baraza. Akaona ile saa, akauliza hicho ndicho kinachosemwa mpaka Nassa? Akanyoosha mkono wake mkavu. Milembe alishindwa kubana kipira, machozi yalikuwa yanamziba, ikabidi mimi nibane na yeye asikilize. Mshale ukapanda kidogo, ukashuka kwa adabu. Mia na ishirini kwa sabini. Miaka themanini, kafukuzwa, kalala kwa ndugu miaka minane, na damu yake imetulia kuliko ya kijiji kizima.

Mabula akachuchumaa mbele yake, akampa kamba.

"Umenishinda, mayu," alisema. Sauti yake kubwa ile ilikuwa haifiki hata kwenye ua. "Namba ndogo ndiyo inashinda. Beberu ni wako. Na boma lako lililobomoka tutalijenga upya, mimi na wenzangu wale pale."

Bibi Minza akashika kamba. Akamtazama beberu, akamtazama Mabula, muda mrefu, kwa macho yale mekundu.

"Mchinjeni," alisema mwishowe. "Tule wote. Lakini msitie chumvi. Mtoto huyu ni mgonjwa."

Nikapika bila chumvi, nikilaani, maana nyama ya beberu bila chumvi si chakula. Mabula alikula vipande vitatu huku analia, akaomba cha nne.